Nilivyojifunza kusoma maombi ya raia kwa Mfalme Charles wa Kwanza

Mwandiko wa Waingereza wa karne ya 17 ulinitoa jasho. Nilitaka kusoma mwenyewe maombi ambayo watu wa kawaida walimpelekea Mfalme Charles wa Kwanza alipokuwa akipigana na Bunge lake, 1642 hadi 1646, lakini kila nikifungua picha ya waraka naona mikwaruzo. Herufi s ndefu utaapa ni f. Herufi h imetupa mkia chini ya mstari, na e imegeuzwa mgongo.

Kilichonisaidia ni mpangilio. Aliyesoma shule zetu anaijua barua rasmi: anwani ina mahali pake, YAH: ina mahali pake, na mwisho "wako mtiifu". Ombi kwa mfalme nalo lina kiunzi chake. Linaanza na Mtukufu Mfalme, linafuata jina la mwombaji na kwao, kisha "anaeleza kwa unyenyekevu kwamba", halafu shida, halafu haja, na mwisho ahadi ya kumwombea mfalme kwa Mungu daima. Niliyakariri maneno hayo kwa Kiingereza chao cha kale, nikawa nayatafuta kwanza katika kila karatasi. Ukishaijua h ya karani ndani ya neno unalolitarajia, utaitambua hata kwenye jina la kijiji ambacho hujawahi kukisikia.

Angalia na tarehe. Mwaka wao ulianza 25 Machi, kwa hiyo Januari 1642 yao ni Januari 1643 yetu, mfalme keshahamia Oxford, mji alioufanya makao yake wakati wa vita.

Ninapopapenda zaidi ni katikati, penye shida: farasi wamechukuliwa, askari wamelala na kula bure nyumbani mwa watu. Lawama wanatupiwa askari na washauri wabaya, mfalme hazimgusi. Wapo wanaouita huo woga. Mimi nauona ni ujasiri wenye akili, maana ulimwachia mfalme nafasi ya kubadili msimamo bila kuaibika.

Na kulifikisha ombi kulikuwa na hatari yake. Tarehe 3 Juni 1642, vita bado havijatangazwa, umati ulikusanyika Heworth Moor, nje ya York, kumsihi mfalme apatane na Bunge. Thomas Fairfax, ambaye baadaye aliongoza jeshi la Bunge, alijipenyeza mpaka kwenye farasi wa mfalme, akaliweka ombi juu ya tandiko. Mfalme akamsukuma farasi mbele, nusura amkanyage.

Mwaka 1645 wanavijiji wa Dorset na Wiltshire, kusini mwa Uingereza, walioitwa watu wa marungu kwa silaha zao, walichoshwa na majeshi yote mawili. Wakaomba amani kwa mfalme, wakaomba na kwa Bunge. Walijifunga utepe mweupe, na bendera yao ikaonya kwamba atakayekuja kupora ng'ombe wao watapigana naye. Matamko yao yalipigwa chapa, kwa hiyo ukitaka kuanza, anza na hayo. Ukishazoea lugha yake ndipo uingie kwenye mwandiko wa mkono.