Mgumu wa Marangu alivyobebewa begi Peru

Watu watatu walitaka kuniharibia safari hii ya kwenda kwa miguu Machu Picchu, mji wa kale wa Wainka huko Peru, kabla sijaianza, na wote nawapenda. Wa kwanza ni rafiki yangu hapa Houston: "Mangi, kibali cha nini? Ukifika Cusco utaongea nao, utapata tu." Wa pili ni shemeji yangu, aliyeng'ang'ania twende Februari kwa sababu ndipo likizo yake inapopatikana kirahisi. Wa tatu ni mama, kwenye simu kutoka Marangu: "Mwanangu, mlima utakusumbua wewe? Si ulikuwa unabeba mizigo ya Wazungu?"

Hao wawili wa kwanza niwamalize haraka. Njia ya Wainka kwenda Machu Picchu haiendwi kienyeji. Huingii bila kampuni yenye leseni, na watu wanaoruhusiwa kuanza kwa siku moja ni 500, humo humo wakiwamo wapagazi, wapishi na waongozaji. Nyinyi wageni mnabaki kama 200 tu. Nilitaka Mei, kiangazi chao kinapoanza, nikalipia Novemba, na hata hapo tarehe niliyoipenda ilikuwa imeshajaa. Februari ndiyo kabisa: njia hufungwa mwezi mzima, mvua inanyesha na wao wanaikarabati. Shemeji alikuwa ameshaomba likizo. Akaenda Orlando.

Kampuni ilichukua dola mia saba na kitu, na vikorokoro vyote ikakaribia elfu. Nauli ya ndege siihesabu, nikiihesabu nitaumwa. Kibali kinaandikwa kwa namba ya pasi yako, kwa hiyo ukibadilisha pasi katikati, waambie mapema na ubebe zote mbili. Na dola zako ziwe safi. Noti yenye mchaniko mdogo kama ukucha, Peru wanakurudishia kama umewapa karatasi ya chooni.

Sasa mama. Ni kweli nilikuwa mgumu, yaani mpagazi wa Kilimanjaro, misimu mitatu kabla sijaondoka nyumbani, njia ya Marangu: kambi za Mandara, Horombo, Kibo. Hapa Houston kila mtu anaamini nimefika Uhuru, kileleni kabisa, mara ishirini. Sijafika hata mara moja. Wagumu wengi huishia Kibo, mita 4,720. Wageni wanaondoka usiku na mwongozaji wao, wewe unabaki na masufuria unawasubiri warudi. Sikuwahi kumsahihisha mtu yeyote, na sasa nimesema. Tangu hapo ni miaka 14 ya kukaa kwenye kiti cha lori, katika mji ambao mlima wake mrefu ni daraja la barabara kuu.

Lakini kiburi hakizeeki. Kampuni iliponiuliza kama nitakodi mpagazi wa ziada wa kunibebea vitu vyangu, nilikasirika kana kwamba wameniuliza kama navaa nepi. Mgumu abebewe? Nikajibu nitabeba mwenyewe. Kilo 12.

Kabla sijafika kwenye aibu, niseme kuhusu koka, maana hapa ushauri wa bure ulikuwa mwingi kuliko mvua. Cusco iko mita 3,400, na ukishuka tu kwenye ndege kichwa kinaanza kugonga; wenyewe wanaita soroche. Kila mtu, kuanzia mpokeaji wageni hotelini, anakuletea chai ya majani ya koka. Kwao ni kitu cha heshima, wala si dawa ya kulevya. Ila mimi ni dereva wa lori Marekani, napimwa mkojo bila taarifa, na kikombe kimoja cha chai ile kinatosha kuonekana kwenye kipimo kama kokeini. Nenda kamwambie bosi wako ilikuwa chai. Nilinywa muña, jani fulani la milimani linalonukia kama mnanaa, nikalala Cusco siku mbili nzima bila kufanya jambo la maana. Madereva wenzangu, nawaomba mlikumbuke hili kuliko mengine yote.

Siku ya kwanza tulianzia kilometa 82, ambayo ni namba tu ya reli kutoka Cusco. Unavuka daraja juu ya mto Urubamba na unakuwa umeingia. Njia ni rahisi, unaona magofu ya Patallacta yametandazwa bondeni kama mkeka uliokunjuliwa. Wapagazi wao hubeba mgongoni, mzigo umefungwa kwa kamba au kitambaa kifuani. Mwisho ni kilo 20, na unapimwa kwenye mizani, kama kwetu. Wakati wa chakula cha mchana nikachukua mzigo wa mmoja wao, nikautwika kichwani, nikaachia mikono, nikapanda na kushuka ngazi kumi za mawe. Walipiga makofi. Mpishi alitoka hemani na mwiko mkononi. Kwa dakika tatu nilikuwa na miaka 22 tena.

Hizo dakika tatu ndizo zilizoniponza. Siku ya pili mnapanda kutoka Wayllabamba, kama mita 3,000, mpaka Warmiwañusqa, mita 4,215. Jina hilo ni la Kikechua, maana yake mwanamke aliyekufa. Nikapiga hesabu zangu: 4,215 si hata Kibo, ni mahali pa kupita tu. Asubuhi wapagazi walipoanza kutupita, nikajiunga nao. Nikaenda mwendo wao karibu nusu saa, nikigeuka nyuma kuwaangalia wageni wenzangu kwa huruma.

Mwili wangu haukunionya. Ulizima tu. Nilikuwa nimeshika mti mmoja wenye magome mekundu yanayobanduka kama karatasi, miguu inatetemeka, chai ya asubuhi inarudi ilikotoka, na begi limegeuka kuwa ng'ombe. Watu wa kundi langu wakaanza kunipita mmoja mmoja kwa adabu. Wa mwisho alikuwa mama mmoja wa Kanada, mwalimu mstaafu, miaka 67, na fimbo zake mbili, tki, tki, tki. Akasimama akaniangalia. Akasema kwa Kiswahili, kwa lafudhi yake, "Pole pole, kaka."

Nilidhani naota. Kumbe alishapanda Kilimanjaro. Nikamuuliza kama alifika juu. Alifika. Uhuru, saa moja kasoro asubuhi, na picha anayo kwenye simu. Akanionyesha pale pale, mimi bado nimekumbatia mti.

Neno hilo nimewaambia wageni mara elfu huku nikiwapita mbio na mabegi yao kichwani. Sikuwahi kulitumia. Mjomba wangu, aliyekuwa mwongozaji, alikuwa akitufundisha: ukishindwa kuimba, unakwenda haraka. Basi nikaanza upya nyuma ya yule mama, hatua moja kwa pumzi moja, nikiimba nyimbo za kanisani za Kichaga chini chini. Unajisikia mjinga, lakini inafanya kazi kuliko vidonge.

Begi lilikuwa bado tatizo. Hapa ugumu wangu ulinisaidia, maana najua siri moja ya jikoni: mzigo unaopungua kila siku ni wa chakula. Tulipofika Llulluchapampa, uwanda wenye nyasi kabla ya mpando wa mwisho, nikamwita mwongozaji pembeni, nikamuuliza kwa sauti ndogo nani alibeba viazi. Alicheka mpaka akakaa chini. Mbeba viazi alikuwa ameshapungukiwa na kilo kadhaa, akachukua mfuko wangu wa kulalia na nguo, kama kilo sita, na nikamlipa mkononi kwake. Alikuwa yule yule niliyemwonyesha maringo ya kutwika. Hakusema neno. Alitwika mfuko wangu kichwani, akaachia mikono, akatembea hatua tano, na kambi nzima ikaangua kicheko.

Nilifika juu. Kuna upepo na watu wanaopiga picha, basi. Kushuka ndiko kunakoua: ngazi za mawe mita 600 kwenda chini mpaka Pacaymayo, nyingine zinanifika gotini. Shuka upande upande kama kaa, badilisha upande kila ngazi ishirini. Wale waliokuwa wakiruka ruka niliwakuta jioni wanapaka dawa.

Usiku Pacaymayo ni baridi ya kusaga meno, na hapo nililipiza kisasi. Ujanja wa Horombo: kabla ya kulala omba jikoni maji yaliyochemka, jaza chupa yako ngumu, ivalishe soksi, iweke miguuni ndani ya mfuko wa kulalia. Asubuhi una maji salama ya kunywa ambayo hayajaganda, na soksi moja ya moto. (Chupa za plastiki za kutupa haziruhusiwi njiani kwa vyovyote vile.) Kesho yake wageni wote walipanga foleni jikoni na soksi zao. Mwalimu wa Kanada akasema wagumu wake hawakumwambia hilo. Nikamwambia aliwapa tipu kidogo.

Siku ya tatu ndiyo nzuri kuliko zote. Runkurakay, Sayacmarca, Phuyupatamarca, kila kona gofu, na ukungu unapanda kutoka msituni. Jioni tulifika Wiñay Wayna, na pale nilikaa peke yangu. Matuta ya mawe yamepinda na mlima, na katikati maji yanashuka kutoka birika moja hadi jingine, bado yanatiririka. Babu yangu alikuwa na zamu yake ya mfongo, mfereji wetu Wachaga wa kumwagilia mashamba, na alikuwa tayari kugombana na kanisa zima kwa ajili ya maji ya Jumanne. Watu hawa nao lazima walikuwa na Jumanne yao.

Usiku huo ni wa kuagana na wapagazi. Wengi huweka bahasha moja. Mimi nilivunja noti Cusco makusudi, nikampa kila mtu soli zake, pesa ya Peru, mkononi, kwa sababu nimewahi kusubiri bahasha iliyopita mikono mingi ikanifikia imekonda. Nikamuuliza mbeba viazi, mwongozaji akitafsiri, Machu Picchu anaipenda? Akasema miaka tisa anafanya kazi hii na hajaingia. Alfajiri wao hushuka kuwahi treni, ndiyo maana wageni huamshwa saa tisa na nusu usiku, mahema yafungwe. Nikamwambia mimi Kibo, misimu mitatu. Alinielewa kabla ya tafsiri kwisha.

Inti Punku, lango la jua, lilikuwa na ukungu mtupu, hatukuona kitu. Nusu saa baadaye tukiwa tunashuka pazia likafunguka. Picha mmeziona, sitaeleza. Mwongozaji alisema Hiram Bingham, yule Mmarekani anayesifiwa kwa kuigundua Machu Picchu, alipofika mwaka 1911 alikuta familia za wakulima zinalima pale juu, na mtoto ndiye aliyemtembeza. Nikamsimulia jinsi Rebmann, mmisionari wa Kijerumani, naye alivyougundua mlima wetu mwaka 1848, babu zetu wakiwa wanaishi chini yake.

Magoti yalirudi kazini siku ya nane. Wiki mbili baadaye niliitwa kwenye kipimo cha mkojo, bila taarifa, kama kawaida yao. Kilitoka safi.