Shingo yenye kiraka

Jana umeme ulirudi saa tano usiku na usingizi ulikuwa umeshaniruka, nikaishia kukodolea simu mchoro wa kahaba wa Yoshiwara, ule mtaa wa makahaba wenye lango moja wa mji wa Edo, Tokyo ya leo. Ni mchoro wa matayarisho tu, wa kutengenezea chapa, yaani picha inayopigwa kwa ubao uliochongwa.

Hauna rangi. Chini kuna mistari myekundu hafifu ya kubahatisha, juu yake wino mweusi uliokata shauri. Mkono wa kulia umejaribiwa mara tatu. Obi, ule mshipi mpana wa kimono, imefungwa kwa mbele, kama walivyofunga wanawake wale. Na shingoni, nilipokuza picha, nikaona kingo za kiraka: mchoraji hakuridhika, akabandika kipande cha karatasi, akachora shingo upya.

Nilidhani michoro ya aina hii imejaa tele. Kumbe wapi! Mchoro wa mwisho kabla ya kuchonga, uitwao hanshita-e, ulichorwa kwenye karatasi nyembamba, ukabandikwa kifudifudi juu ya ubao wa mcheri, na mchongaji akapitisha kisu kwenye mistari ile ile. Karatasi ikaishia hapo. Yaani chapa za Utamaro, mchoraji maarufu wa Edo, tunazozisifu zilikula michoro yake. Inayopona aghalabu ni ile ambayo haikufika kwa mchongaji. Michoro 103 ya Hokusai, mchoraji mwingine wa Edo, iliyonunuliwa na British Museum, jumba la makumbusho la London, mwaka 2020 ilisalimika kwa sababu kitabu chake hakikuchapishwa.

Kilichonifurahisha ni nywele. Mchoraji ameweka umbo tu. Unywele mmoja mmoja kwenye paji la uso ni kazi aliyoachiwa mchongaji stadi. Nakshi za kimono nazo kadokoa kona moja akaacha, kama fundi cherehani anayekuonyesha mshono kwenye kitambaa chakavu.

Ila uso umenikera kidogo. Hauna hata mstari mmoja uliosahihishwa. Ni uso ule ule wa kila chapa: macho membamba, pua ndefu, kinywa kidogo. Wengi wa wanawake wale waliuzwa na wazazi wao wakiwa watoto, na jina la kazi la mwenye sifa lilirithiwa na mwingine ndani ya nyumba ile ile. Mikunjo ya vazi ilihangaikiwa kuliko sura.

Asubuhi, kabla sijachemsha chai, nimekifungua tena kile kiraka kwenye simu. Chini yake kuna shingo ya kwanza, ile iliyokataliwa. Natamani mtu angeniinulia ukingo nichungulie.