Tiara ya gazeti

Jana mwanangu alitaka tiara ya dukani. Nikamwambia subiri. Nikachomoa njukuti mbili kwenye fagio (mama yake hajajua bado), nikazifunga msalaba, ile ya kukingama nikaipinda kidogo kama upinde. Enzi zetu tungewamba mfuko wa rambo, ila rambo ni marufuku nchini tangu Juni 2019, basi tukatumia gazeti. Gundi? Kiporo cha ugali. Ukikilainisha kwa maji kinashika hatari.

Saa kumi tukateremka ufukweni hapa Tanga, kusi inavuma haswa. Mara ya kwanza ikazunguka kama pia, ikajibamiza mchangani kichwa chini. Ya pili hivyo hivyo. Kumbe mkia mfupi! Nikachana kipande cha kanga kuukuu, kama mita moja na nusu, nikakiungia. Weee! Ikapanda bila hata kukimbia, uzi unanikata kidole, dogo anapiga kelele, "Baba legeza, legeza!" Nikalegeza mpaka uzi ukabaki kidogo tu.

Halafu ikanasa kwenye mnazi. Asubuhi nimepita, bado inapepea huko juu.