Mbwa wa ploti alinifunza kabla sijamfunza

Huku Umoja ploti yetu iko na mbwa anaitwa Simba, na mwaka jana alininyima usingizi mwezi mzima. Saa nane usiku anaanza kubweka kwa geti, na mimi saa kumi na moja lazima niwe steji, sasa nikawa namrushia kipande cha chapati kwa dirisha, ananyamaza, nalala. Nikajiona mjanja. Baada ya wiki akaacha geti kabisa, akawa anabwekea chini ya dirisha langu!

Sista yangu anasoma saikolojia, nilipomwambia alicheka hadi machozi. Eti namlipa mbwa mshahara wa kubweka. Akanieleza habari ya Skinner, yule Mmarekani wa panya ndani ya kasha, panya akibonyeza kijiti chakula kinaanguka, basi anabonyeza tena. Hiyo nilishika. Penye nilichanganyikiwa ni aliposema hata mimi nafunzwa, juu nikitupa chapati kelele inaisha, na hiyo kuisha ndio zawadi yangu, kwa hivyo kesho natupa tena. Wanaita uimarishaji hasi. Mimi nilidhani hasi ni adhabu, kumbe adhabu hupunguza tabia, hii inaiongeza kwa kukuondolea kero.

Adhabu nayo soja alikuwa ameijaribu, mawe. Simba alijifunza kumuogopa soja, basi, soja akizunguka nyuma ya nyumba kelele inarudi.

Nikaacha kumtupia chapati. Sista alikuwa amenionya kelele itazidi kwanza ndio ipungue, lakini haki sikutarajia vile, usiku wa pili alibweka akikwaruza ukuta, wa tatu Mama Shiru wa chini akachoka akamtupia mfupa. Tukaharibu kila kitu, maana zawadi ya kubahatisha ndio hushikilia tabia zaidi, uliza watu wa kubeti. Asubuhi nikamwendea, "Mama Shiru tafadhali, hata akilia kama ng'ombe usimpe kitu." Akaniangalia kama mtu ana malaria, akakubali.

Halafu nikawa nanunua vichwa vya kuku, nampa kwa geti akiwa kimya tu, mwanzoni kimya cha kuhesabu hadi tano, baadaye dakika, baadaye nangoja zaidi. Ilichukua kama wiki tatu. Sasa hubweka mgeni akigonga, hiyo ni kazi yake.

Juzi landilodi ameniuliza kama mbwa wake ni mgonjwa.