Kumbukumbu ya mradi wangu: kuchagua sisimizi wa kufuga nyumbani, Dar es Salaam

Tangu mvua za vuli zilipoanza, mradi huu umetoka kwenye daftari na kuhamia kwenye rafu iliyo juu ya meza yangu, hapa Tabata. Sehemu hii ya kumbukumbu inahusu jambo moja tu, nalo ni kuamua ni sisimizi wa spishi gani nitakaowafuga. Uamuzi huo umenichukua muda mrefu kuliko utengenezaji wa makazi yao, na naona ndivyo inavyopasa, kwa kuwa malkia wa spishi nyingi huishi miaka mingi, na anayemchukua hana budi kumhudumia muda wote huo.

Sharti la kwanza nililojiwekea ni kutoagiza mdudu kutoka mbali. Mwezi Mei 2025, mahakama moja ya Nairobi iliwahukumu watu wanne kulipa faini ya shilingi milioni moja za Kenya kila mmoja, au kifungo cha miezi 12, baada ya kukutwa na maelfu ya malkia waliofungiwa kwenye vijineli na mabomba ya sindano yenye pamba. Waliotafutwa zaidi ni Messor cephalotes, sisimizi wakubwa wenye rangi nyekundu na nyeusi wanaokusanya mbegu, ambao wafugaji wa Ulaya na Asia huwalipia fedha nyingi. Hata bila kesi ile, spishi hiyo isingenifaa. Sisimizi hao wamezoea nyanda za nyasi na huweka akiba ya mbegu kwenye ghala ndani ya kichuguu. Katika unyevu wa Dar es Salaam, hasa wakati wa masika, ghala la namna hiyo lingeota ukungu au lingechipua.

Siafu hawakunichukua muda. Kundi lao lina mamilioni ya wafanyakazi, huhamahama likifuata mawindo, na malkia wao hana mabawa wala hawezi kuanzisha kundi peke yake. Kundi kubwa hugawanyika, kila sehemu ikashika njia yake. Hakuna boksi la kuwatosha.

Walionivutia kupita wote ni majimoto, Oecophylla longinoda, wanaoishi kwenye miembe na mikorosho. Ukisimama karibu na kiota kinachojengwa, utaona wafanyakazi wakishikana viuno kwa minyororo ili kuvuta kingo za majani mawili zikutane, kisha wengine wakija na mabuu midomoni na kuwapitisha huku na huku kwenye mwanya, kama fundi cherehani anavyopitisha uzi, kwa sababu hariri inayogandisha majani hutoka kwa buu na si kwa mfanyakazi. Faida yao shambani inajulikana tangu zamani: katika miaka ya 1950, utafiti uliofanywa Zanzibar ulionyesha kuwa minazi yenye majimoto huepushwa na kunguni anayesababisha nazi changa kudondoka. Tatizo ni kwamba kundi moja huweza kutawala miti kadhaa, na anayeumwa hupuliziwa asidi juu ya kidonda. Kuwafungia chumbani ni kuwanyima kile kinachowafanya wapendeze, yaani mti wenye majani mabichi. Nitaendelea kuwatazama kwenye mwembe wa jirani.

Wale wadogo wa kahawia wenye askari wa vichwa vikubwa, Pheidole megacephala, wangepatikana bila shida, kwani wako kila jikoni. Hata hivyo ni wadogo mno, huweza kuwa na malkia wengi katika kundi moja, na hupenya kwenye nafasi ambayo jicho haliioni. Mama mwenye nyumba aliposikia nawafikiria, alisema, "Mwanangu, hao nawanunulia dawa kila mwezi, wewe unataka kuwapangishia chumba?" Hoja yake haikuhitaji kujibiwa.

Uchaguzi wangu ni sisimizi wa jenasi (yaani ukoo wa spishi) ya Camponotus, wa kundi la spishi liitwalo maculatus. Siandiki spishi kamili, kwa kuwa kundi hilo lina jamaa wengi wanaofanana sana. Hutoka usiku, hawana mwiba wa kuchoma, hula maji ya sukari na wadudu, na joto la Dar linawatosha mwaka mzima bila kifaa cha umeme, jambo ambalo kwa mtu anayejua umeme unavyokatika si dogo. Malkia wao hujifungia baada ya kudondosha mabawa, naye hulea wafanyakazi wa kwanza bila kula, akitegemea mafuta ya mwili na misuli ya mabawa ambayo haihitaji tena.

Malkia niliye naye nilimwokota chini ya taa ya baraza, usiku uliofuata mvua. Kifua chake ni kipana, na makovu ya mabawa yanaonekana wazi pembeni. Anakaa kwenye neli ya kioo ya maabara, yenye maji nyuma ya kizibo cha pamba, iliyofunikwa kwa kipande cha kitambaa cheusi. Ninapokifunua, huyakusanya mayai mdomoni kwa fungu moja na kusogea nayo mbali na mwanga. Kwa hiyo sifunui mara kwa mara.

Ninachokitazama zaidi ni ukungu. Sisimizi wengi wa jenasi hii hawana tezi ya kifuani ambayo kwa spishi nyingine hutoa kemikali za kuzuia vimelea, na hewa yetu ina unyevu mwingi. Mende wa jikoni pia sitawatumia kama chakula, kwani huenda wamepitia kwenye dawa ya kupuliza. Nitatafuta panzi kutoka kwenye nyasi zisizonyunyiziwa kitu.

Makazi ya jasi yako tayari, na ukingo wa boksi utapakwa poda ya mtoto iliyokorogwa kwenye spiriti, ili ikikauka miguu yao ikose pa kushika. Hata hivyo boksi litabaki tupu mpaka wafanyakazi waijaze neli, kwa sababu kundi dogo likipewa nafasi kubwa hutupa mabaki ya chakula kwenye kona za mbali, ambako ni vigumu kuyatoa kabla hayajaoza.