Mlango kwanza, dada

"Kaka, unapima mlango na mama yangu hujampima?"

Tangu Jumanne maneno hayo yananizunguka kichwani kama nzi waliozoea jamvi la dagaa. Wiki hii sisi wa gari la wagonjwa hapa Mwanza tumekuwa na mengi, shemeji ameolewa Sengerema tukavuka daraja la Kigongo–Busisi kana kwamba kivuko hakijawahi kuwepo, nami nimepangiwa zamu za usiku mwezi mzima. Yote yamepita. Kilichobaki ni dada mmoja, ambaye tulikwenda kumchukua mama yake mgonjwa, kasimama mlangoni, mikono kiunoni, na mimi nimechuchumaa chini ya fremu na futi ya chuma.

Nilimjibu, "Mlango kwanza, dada." Basi, sikuongeza neno.

Milima yetu mnaijua. Mtaa sitautaja, chagueni wenyewe kati ya Igogo na Mabatini, popote nyumba zilipopanda juu ya mawe na barabara ikabaki chini. Gari linaishia kwenye lami, machela ya magurudumu inabaki ndani ya gari, na kuanzia hapo ni ngazi za saruji zilizobanwa kati ya jiwe na jiwe. Mama mwenyewe ni wa kilo 170 hivi, moyo umechoka, mapafu yamejaa maji, na kulala chali hawezi hata kwa dakika moja. Nesi wetu alikuwa ameshaingia nyuma ya pazia. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kilisoma asilimia 84 na barakoa ya oksijeni ilikuwa njiani kwenda usoni. Dada hakuyaona hayo. Chumba kina kitanda, kabati na pazia, na aliyekuwa anaonekana ni mimi, nahangaika na fremu.

Toka siku hiyo, kila nikijilaza, namjibu upya.

Jibu la kwanza ni la mtungi. Dada, mtungi wetu wa kubeba una lita 340. Tukimpa mama lita 10 kwa dakika, unakwisha kwa dakika 34, na hakuna mwenye akili anayengoja uishe kabisa ndipo atafute mwingine. Kushuka ngazi zenu na mzigo kunachukua nusu saa, kukienda vizuri. Tukimwinua, tukafika mlangoni tukakwama, tumezichoma dakika za njiani tukiwa bado sebuleni. Ndiyo maana mtungi wa pili ulipanda kabla hata ya ubao wa kubebea mgonjwa. Jibu zuri, na hesabu yake haina kasoro. Ila nani anataka hesabu wakati mama yake anavuta hewa kwa mabega?

Jibu la pili ni la mlango wenyewe, na hili nalipenda zaidi. Watu hupima fremu kwa fremu. Kinachopimwa ni uwazi: kutoka uso wa mlango uliofunguliwa mpaka ukingo wa upande wa pili. Unapima mara tatu, chini kwenye kizingiti, usawa wa kiuno na usawa wa bega, maana nyumba za kwenye mawe zinatitia upande mmoja na fremu inafuata. Halafu unapima kona. Ubao wetu una urefu wa sentimita 183. Mlango wa sentimita 72 unaotazamana na ukuta ulio mita moja mbele ni mbaya kuliko mlango wa 65 unaofungukia uwanjani, kwa sababu ule wa kwanza unakuruhusu kutoka lakini haukuruhusu kugeuka. Na kumsimamisha kwenye ubao mgonjwa wa uzito ule ili apite kona ni kitu hakifanyiki.

Jibu la tatu lingemhusu jirani aliyekuja na mtarimbo tayari kubomoa ukuta. Kila mtaa una mtu huyu, na moyo wake ni mzuri. Lakini vumbi la tofali kwa mtu mwenye oksijeni ya 84 ni adui, na ukuta ulio chini ya linta huwa haukuambii unakusudia kuangusha nini. Ukuta unavunjwa kama hesabu zote zimekataa, mgonjwa akiwa amefunikwa, fundi wa nyumba akiwepo. Kwanza ng'oa mlango kwenye bawaba. Ni bisibisi na dakika tatu, na unapata sentimita nne za bure.

Nilikuwa kwenye jibu la nne, jana saa tisa usiku, ndipo nikakumbuka kilichofuata baada ya "mlango kwanza, dada".

Aliinama akashika ncha ya futi.

Sikumwomba. Aliibana kwenye kizingiti kwa kidole gumba, akasoma: "Ishirini na nane na robo." Inchi! Nikamtazama vizuri. Futi kamba ya cherehani ilikuwa shingoni mwake muda wote, na pini tatu kifuani. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Nyonga sitini. Nilimshonea gauni la kipaimara mwezi uliopita, na tangu hapo hajapungua."

Yaani namtungia utetezi usiku kucha mtu ambaye alishamaliza kunisaidia. Nimecheka peke yangu kitandani mpaka mama watoto akauliza kuna nini.

Na ile sitini yake ndiyo iliyotushusha. Inchi 60 za mzunguko ni sentimita 152. Mtu akiegemea, mwili unatanuka ubavuni, kwa hiyo upana wake unakaribia sentimita 60, mikono ikiwa imekunjwa kifuani. Mlango, ile 28 na robo yake, ni sentimita 72, zinabaki sita kila upande. Ngumi ya mtu iliyoshika ubao inakula nane mpaka kumi. Maana yake hakuna wa kushika ubavuni wakati wa kupita: wawili kichwani wanasukuma, wawili miguuni wanavuta, na ubao unateleza juu ya blanketi lililotandikwa kizingitini. Tuling'oa mlango vilevile, zikawa 76. Bila namba ile tungeweka watu sita ubavuni kama kawaida, tukasagana vidole kwenye fremu, na mtu akisagwa kidole huachia mzigo bila kukusudia.

Mengine ni haya, kwa vijana wapya mnaoniuliza.

Someni kibandiko cha uzito. Ubao wetu umeandikwa kilo 180, na mama peke yake ni 170, kwa hiyo mtungi haukulazwa miguuni kwake kama wengi wanavyofanya. Nesi aliubeba mgongoni. Machela ya kwenye gari imeandikwa 160. Hiyo haikutumika kabisa: tuliitoa, tukatandika godoro sakafuni na kufunga ubao kwenye vishikizo vya sakafu. Wa hospitali walipigiwa simu tukiwa bado juu, ili waandae kitanda kipana na watu wa kupokea getini. Ukipiga simu ukiwa getini, utasubiri getini.

Mkanda usipite juu ya tumbo. Mgonjwa wa namna hii anapumua kwa tumbo, ukilibana umemnyima nusu ya pumzi uliyokuja kumpa. Kifuani unapita chini ya kwapa, halafu nyonga, mapaja, chini ya magoti. Nyayo zinafungwa kwa umbo la nane na kukamatishwa kwenye ubao, maana kwenye mteremko mgonjwa huteleza kuelekea miguuni na mkanda wa kifua unaishia kooni.

Kushuka, miguu inatangulia. Kwa kawaida tunafundishwa kusawazisha ubao, wa chini wainue, wa juu washushe. Kwa mgonjwa asiyeweza kulala, msisawazishe. Ngazi zikiwa na mteremko, ubao ukifuata ngazi, tayari ameegemea bila mto. Sehemu tambarare, kama pale mlangoni, ndipo godoro la sponji lililokunjwa linakaa mgongoni. Gharama yake ni kwamba ubao ukilala hivyo uzito unawaelemea wa chini, kwa hiyo wenye miguu imara wakae chini, si kichwani wanakopenda kukaa kwa sababu ndiko kwenye kuonekana.

Tulikuwa sita wa kushika na sita wa kupokezana, karibu wote vijana wavuvi wa mwalo. Wanajua kuvuta kwa pamoja vizuri ajabu. Sitauliza walijifunzia wapi, kokoro, ule wavu wa kuburuta, limepigwa marufuku. Shida yao ni wimbo. Wimbo unaongeza kasi, na kwenye ngazi kasi ndiyo inayoua. Anayesema ni mmoja tu, aliyeko kichwani, ila neno "simama" ni la kila mtu, hata mtoto aliyeko dirishani. Kwenye kupokezana, anayeachia haachii mpaka asikie "nimeshika". Kunyamaza si jibu.

Nyuma kulikuwa na kamba. Imefungwa kwenye matundu ya kichwani ya ubao, pande zote mbili, kamwe si kwenye mikanda ya mgonjwa. Inazungushwa jiwe mara moja na nusu, na mtu mmoja anaiachia taratibu. Mwanza hatukosi jiwe la kufungia. Kuna aliyetaka kuleta kamba ya plastiki ya mtumbwi, tukaikataa: ikisuguliwa na jiwe inapata moto na kuyeyuka. Gunia linawekwa penye ncha kali. Na anayeshika asijizungushie kamba mkononi, hata kama ni fundi wa nanga miaka yote.

Dereva wetu alikuwa ameshaishuka njia mara mbili kabla hatujamwinua mama. Alihamisha bodaboda, akashusha waya wa kuanikia nguo uliokuwa usawa wa shingo, na akamwaga mchanga kwenye ngazi moja iliyokuwa na maji ya sabuni. Hiyo ngazi moja, mimi naiona ni kazi kubwa kuliko ya sisi wote.

Mama yuko wodini, dawa ya kukojoa imemsaidia, anaketi. Katikati ya ngazi alisema mara moja tu, "Wanangu, msiimbe," nao wakanyamaza.

Haya. Kinachoninyima usingizi leo ni kingine kabisa. Mdogo wangu wa Ukerewe amekopa kununua taa mpya za sola za kuvulia dagaa, na ameniambia jana, tena kwa furaha. Marejesho ni kila Jumatatu. Mbalamwezi inaanza wiki ijayo, na mwezi ukijaa dagaa hawaifuati taa, watu wanakaa nchi kavu wanashona nyavu. Jumatatu hazikai nchi kavu. Sijamuuliza kama aliliona hilo kabla ya kutia sahihi, na sijui nimpigie yeye kwanza au mkewe.