Swichi ya kati-thruu kwa ofisi ya Mtwara? Hapana

Watu wanaofunga netiweki kwenye steshenari na ofisi ndogo ndogo hapa Mtwara, na wa kule Lindi pia, wananiuliza sana kama watafute swichi (kile kiboksi kinachounganisha kompyuta za ofisi kwa waya) ya kati-thruu (cut-through), yaani inayopitisha data kabla haijaisha kuingia, maana wamesikia ndo yenye spidi. Mi nasema hapana, ila tuelewane kwanza swichi inafanya nini.

Fremu, yaani kifurushi kimoja cha data, ikiingia porti fulani (tundu la kuchomeka waya), swichi inaangalia MAC, ile anwani ya kifaa, ya aliyetuma na kuandika kwenye jedwali lake kwamba huyu yupo porti hii, alafu inaangalia MAC ya anayepelekewa ili ijue itokee wapi, kama haimjui inaimwaga porti zote isipokuwa ile iliyoingilia. Swali ni inaanza kuitoa saa ngapi.

Kati-thruu haisubiri. Anwani ya mpokeaji ni baiti 6 za mwanzo kabisa, ikishazisoma inaanza kusukuma huku mkia wa fremu bado unaingia. Kampuni ya Kalpana walioleta swichi ya Ethernet (hii netiweki ya waya ya kawaida) mwaka 1990 walianza na staili hiyo (Cisco waliwanunua 1994). Shida ni kwamba ile CRC, namba ya kukagua makosa, inakaa baiti 4 za mwisho, kwahiyo swichi inakuja kugundua fremu imeharibika wakati imeshaondoka, kama karani wa ghala anayesoma jina kwenye gunia la korosho na kulipakia bila kuchungulia ndani. Aina nyingine, stoo-endi-fowadi (store-and-forward), inapokea fremu nzima, inapiga hesabu ya CRC, ikikataa inaitupa kimya kimya, TCP, ile programu ya kwenye kompyuta inayohakikisha data imefika, ndo itajua kutuma tena.

Kuna na fragmenti-frii, inasubiri baiti 64 kwa sababu vipande vya mgongano (fremu mbili zikigongana kwenye waya) huwa vifupi kuliko hapo, lakini siku hizi ni fulu-dupleksi kila mahali, yaani kutuma na kupokea kwa wakati mmoja, migongano hamna, tuiache.

Sasa huko kusubiri kwa stoo-endi-fowadi kunakula muda gani? Fremu ya baiti 1518 kwenye porti ya giga 1 ni mikrosekunde 12 hivi. Mwanga kwenye faiba unatumia karibu mikrosekunde 5 kila kilomita, yaani kutoka hapa mjini mpaka Mikindani tu, kilomita kama 10, ushakula 50, na Dar hujaiona bado! Hizo 12 wazililie wa masoko ya hisa na madata senta makubwa, sio wewe unayetuma risiti. Alafu hata hiyo kati-thruu, fremu ikitoka porti ya mega 100 kwenda ya giga 1 lazima ihifadhiwe kwanza, maana ukitoa haraka kuliko unavyopokea utakaukiwa data katikati ya fremu.

Na huku pwani ndo kabisaa, chumvi inakula vichwa vya RJ45 (vile vya mwisho wa waya wa netiweki), panya nao wana zamu yao, fremu mbovu zipo tu, afadhali zifie kwenye swichi ya kwanza kuliko kuzunguka ofisi nzima.

Uzuri swichi za bei poa za dukani karibu zote ni stoo-endi-fowadi, huna hata cha kuchagua, hela inayobaki nunua waya wa kopa (shaba) tupu, achana na ule wa alumini iliyopakwa kopa. Kama swichi yako inakubali kuingiwa na kusetiwa, cheki kaunta ya CRC, inayohesabu fremu mbovu, porti kwa porti, ikiwa inapanda kila ukirudi kuangalia basi kata hicho kichwa, krimpu kipya, na ikiendelea kupanda badilisha waya wote.